Injini Iliyozima Ilipopumzika

Msomaji wangu, kama umepata kusafiri kwa barabara itokayo Embu kwenda Meru, unaijua tabia yake. Barabara hiyo huzunguka ubavu wa mashariki wa Mlima Kenya, na kwa kuwa mito mingi huteremka kutoka mlimani, haina budi kushuka bondeni na kupanda tena mara nyingi. Utapita Runyenjes, utavuka mto Thuci, utafika Chuka, utateremka mpaka daraja la Nithi, utapanda hadi njia panda ya Chogoria, kisha utapita Igoji na Nkubu kabla ya kuingia mji wa Meru. Migomba na mikahawa itakusindikiza pande zote mbili. Ni safari ya kupendeza kwa abiria. Lakini kwa mwenye usukani ni mtihani, kwa sababu barabara hiyo haimsamehe mtu asiyelijua gari lake.

Mimi nilikuwa mtu wa namna hiyo. Ni mwalimu kwa kazi. Nilisomea chuo cha ualimu, na nimefundisha hesabu na sayansi katika wilaya za mlima huo tangu ujana wangu. Nimesimama mbele ya ubao mara nyingi nikiwaeleza wanafunzi habari za hewa, uzito wake na msukumo wake. Hata hivyo, siku niliponunua gari langu la kwanza, dogo na kuukuu, lenye kabureta ya zamani, sikujua linavyopumua. Nataka kukusimulia jinsi nilivyojifunza, na gharama niliyokaribia kulipa kwa kutojua.

Ugonjwa wa gari langu ulikuwa huu. Liliwaka vizuri asubuhi, na njiani lilikwenda bila kinyongo, hata mlimani. Lakini nilipofika njia panda nikaondoa mguu kwenye mafuta ili nisimame, injini ilianza kutetemeka kama mtu mwenye homa, kisha ikazima. Nililiwasha, likawaka mara moja. Nikienda, linakwenda, nikisimama, linakufa. Injini inapozunguka polepole yenyewe bila kukanyagiwa mafuta, mafundi wetu huuita mwendo huo sailensa. Gari langu halikuwa na sailensa. Kazi haikulishinda, kilicholishinda ni kupumzika.

Nilifanya kama wafanyavyo watu wengi: nilikwenda kwa fundi nikamwambia, "Gari linazima, litengeneze." Fundi wa kwanza hakuniuliza neno. Alifungua boneti, akatoa plagi zote nne, akatia mpya. Nililipa, nikaondoka kwa furaha, na gari likazima kwenye njia panda ya kwanza. Fundi wa pili alilaumu petroli, akabadilisha chujio na pampu yake. Nililipa tena, na gari likazima tena. Fundi wa tatu alisema kwamba huku mlimani hewa ni nyepesi, na magari ya zamani hayaipendi, kwa hiyo hapana la kufanya. Neno hili lilinipendeza, kwa maana lilifanana na sayansi. Ni kweli kwamba kadiri mtu anavyopanda juu, hewa huwa nyepesi, na injini yenye kabureta hupata petroli nyingi kuliko hewa iliyopo. Lakini injini iliyozidiwa na petroli hutoa moshi mweusi, na gari langu halikutoa moshi wowote. Isitoshe, Jumamosi moja niliteremka nalo hadi Ishiara, nchi ya chini yenye joto, na huko likazima vilevile. Basi kisingizio cha mlima kikafa hapo.

Fundi wa nne alikuwa mwerevu kupita wote, na werevu wake ndio uliotaka kuniua. Alichukua bisibisi, akazungusha skrubu moja kwenye kabureta, na injini ikaanza kuzunguka kwa kasi hata nilipoondoa mguu. "Sasa haizimi," akasema. Naam, haikuzima sana. Iliunguruma nikiwa nimesimama, ikanywa petroli bure, na mtetemeko ukafunikwa na kelele. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Mimi sikuyaficha maradhi tu. Nililipa fedha ili nifichiwe.

Sasa nikwambie yaliyonipata Nithi. Mama yangu anakaa karibu na Nkubu, na macho yake yalikuwa yamemsumbua. Nilikuwa nimempeleka Embu kwa daktari, na alasiri nilikuwa nikimrudisha nyumbani. Tulipoiacha Chuka nyuma tukaanza kuteremka kwenda darajani. Hapo nikafanya kosa ambalo ni langu mwenyewe, wala simsingizii fundi yeyote. Kwa sababu petroli ilikuwa ikiisha upesi, nilikuwa nimejizoeza kutoa gia mteremkoni na kuliacha gari liteleze lenyewe. Nilijiona mtu wa kubana matumizi.

Msomaji, mteremko wa Nithi si mahali pa mchezo. Mwezi wa Julai mwaka 2022, basi lililokuwa likitoka Meru liliacha barabara hapo darajani likatumbukia bondeni, na watu zaidi ya 30 walipoteza maisha. Haikuwa ajali ya kwanza mahali hapo. Wenyeji hupapita kwa kunyamaza, na wako wanaofumba macho wakaomba.

Mama yangu hakufumba macho siku ile. Alikuwa amekaa kando yangu, kitambaa kikiwa juu ya jicho moja, na ndiye aliyeligundua jambo kabla yangu.

"Mwanangu," aliuliza, "kwa nini gari limenyamaza?"

Ndipo nikasikia. Hapakuwa na sauti ila ya upepo na ya magurudumu. Injini ilikuwa imezima. Mbele yetu lori lililojaa ndizi lilikuwa likiteremka polepole, na pengo baina yetu likapungua haraka. Nilikanyaga breki, na kanyagio likawa gumu kama jiwe. Nilikanyaga kwa nguvu zangu zote, gari likapunguza mwendo kidogo tu. Nikavuta breki ya mkono, nikakanyaga klachi, nikatia gia ya pili, nikaiachia klachi. Gari likashtuka, injini ikakokotwa na magurudumu, ikaguruma, ikatushika. Tulilikaribia lori lile hata nikaweza kuzihesabu ndizi za mkungu mmoja. Kisha tukaachana nalo, tukavuka daraja kwa mwendo wa mguu, na nilipopata mahali pa salama upande wa pili nikasimama pembeni. Mikono yangu haikukubali kuachia usukani.

Mama hakunigombeza. Alikaa kitambo, kisha akasema, "Utalitengeneza tena. Lakini safari hii usije ukaniambia limepona. Njoo uniambie lilikuwa likiumwa nini."

Neno hilo lilinichoma kuliko karipio. Mafundi wanne walikuwa wameniambia limepona, wala hapana hata mmoja aliyeniambia lilikuwa likiumwa nini. Na mimi, mwalimu wa sayansi, sikuwahi kuwauliza.

Siku iliyofuata niliendesha taratibu, katika gia wakati wote, mpaka mji wa Meru, kwa mzee mmoja afanyaye kazi chini ya mwembe. Hana jengo wala kibao. Nilianza kumweleza yote yaliyobadilishwa, naye akaniinulia mkono kwa upole.

"Mwalimu," alisema, "hayo ni habari za mafundi. Nipe habari za gari. Huzima lini?"

"Likisimama, mzee."

"Likiwa baridi au likiwa moto?"

"Hali zote mbili."

"Likisimama lenyewe, au likisimamishwa?"

Sikulielewa swali. Akalieleza: je, huzima nikiwa nimetulia tu, mguu uko chini, au huzima mguu ukiwa juu ya breki? Nilifikiri sana. Nikazikumbuka njia panda za Embu, za Runyenjes na za Chuka, moja baada ya nyingine, na kila mahali niliuona mguu wangu ulipokuwa. Lilitetemeka nilipotulia, lakini lilizima hasa nilipokanyaga breki. Nilikuwa na habari hiyo miezi mitatu bila kujua kwamba ninayo, kwa kuwa hakuna aliyeniuliza.

Yule mzee hakutabasamu wala hakujisifu. Alisema tu, "Basi tutaanza huko."

Hapa, msomaji, inafaa nikueleze injini inavyopumua, ili uyafuate aliyoyafanya. Injini ya petroli ya namna tuliyozoea hufanya kazi kwa hatua nne, kama ile aliyoiunda Mjerumani Nikolaus Otto mwaka 1876: huvuta hewa na petroli, huibana, huiwasha, kisha huusukuma moshi nje. Katika hatua ya kwanza pistoni hushuka ndani ya silinda, nayo huvuta kama mtoto anyonyaye maji kwa mrija. Hewa inayovutwa hupita katika kabureta, ambako huchanganyika na petroli kwa kipimo: takriban sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Hewa ikizidi mno, mchanganyiko hukataa kuwaka.

Katika koo la kabureta pana kibati kidogo kinachofunguka unapokanyaga mafuta. Ukiondoa mguu, kibati hicho hujifunga, kikaacha upenyo mdogo tu wa hewa ya kupumzikia. Wakati huo pistoni zinaendelea kuvuta, lakini mlango umefungwa. Kwa hiyo nyuma ya kibati mvuto huwa mkali sana. Kama pana tundu popote nyuma ya mlango huo, hewa ya nje itaingia humo bila kupimwa na bila petroli yake.

Utauliza, mbona tundu hilo halisumbui gari likiwa safarini? Hesabu itakujibu. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba injini iliyopumzika inavuta vikombe 10 vya hewa, na kikombe 1 zaidi kinaingia kwa wizi. Kikombe hicho ni sehemu ya kumi ya ile iliyopimwa, na kipimo kimeharibika. Sasa kanyaga mafuta: mlango unafunguka, injini inavuta vikombe 100, na mvuto nyuma ya mlango unapungua, hata kile kikombe cha wizi hakijai. Mwizi yuleyule sasa ameiba chini ya sehemu moja katika mia, wala hakuna anayemwona. Ndiyo maana gari langu lilikuwa zima kazini na mgonjwa katika mapumziko.

Mzee alichukua kipande cha mpira mrefu mwembamba, akatia ncha moja sikioni na nyingine akaipitisha polepole juu ya injini iliyokuwa ikitetemeka, kama daktari akisikiliza kifua. Karibu na ukuta unaotenga injini na viti alisimama. "Sikiliza," akasema, akanipa mpira. Nikasikia mluzi mwembamba, wa daima, kama wa chai inayokaribia kuchemka.

Hata hapo hakusema amepata. Alichukua koleo, akaivingirisha vitambaa ili isikate, akaanza kuibana mipira ya hewa mmoja mmoja. Alibana wa kwanza: hapana mabadiliko. Wa pili: hapana. Alipobana mpira mnene uendao kwenye busta ya breki, mtetemeko ukakoma papo hapo, na injini ikaimba sauti moja. Alipouachia, homa ikarudi. Alibana tena, ikatulia, akaachia, ikatetemeka. Mara tatu. Nilimwuliza kwa nini anarudia jambo lililokwisha kuonekana. Akanijibu, "Mara moja huenda ikawa bahati, Mwalimu. Mara tatu ni ushahidi."

Akauzima moto, akautoa mpira ule, akaukunja mbele ya macho yangu. Ulipokuwa umenyooka ulionekana mzima. Ulipokunjwa, ufa ukafunua kinywa chake, mrefu kama ukucha. Joto na miaka vilikuwa vimeukausha. Na hapa ndipo nilipoielewa siku ya Nithi. Busta ni sufuria kubwa ya bati iliyo mbele ya kanyagio la breki. Huazima mvuto wa injini ili kuuongezea mguu wako nguvu. Katikati ya mpira wake pana valvu ndogo iruhusuyo hewa kwenda upande mmoja tu, ili injini ikizima, mvuto ubaki umefungiwa ndani ya busta, nawe upate kukanyaga breki mara moja au mbili kwa wepesi. Ufa wangu ulikuwa baina ya valvu hiyo na busta. Kwa hiyo ulifanya hasara mbili: uliiharibia injini pumzi yake, na injini ilipozima, akiba ya breki ikamwagika hewani palepale. Ugonjwa uliozima gari ndio ulioziondolea breki nguvu zake. Na nilipokanyaga kanyagio, busta ilinyonya zaidi kupitia mpira ule mbovu, pumzi ikapotea zaidi, na ndiyo sababu injini ilizima hasa nilipotaka kusimama.

Mpira mpya uligharimu chini ya zile plagi nne. Mzee alisisitiza uwe mpira mgumu wa kazi hiyo, si ule wa maji, kwa maana mpira laini hujikunja ukivutwa, na njia ikaziba. Kisha akachukua bisibisi akairudisha ile skrubu mahali pake, na injini ikashuka kutoka ungurumo hadi sauti ya chini, ikakaa hapo. Nilisubiri izime. Haikuzima.

Mwishowe alinifundisha jaribio la busta, nami nakufundisha wewe. Injini ikiwa imezimwa na gari liko mahali tambarare, kanyaga breki mara kadhaa mpaka kanyagio liwe gumu. Lishikilie hivyo, kisha washa injini. Kama busta ni nzima, kanyagio litazama kidogo chini ya mguu wako. Kama halisogei, usiende safari. Na nionye jambo jingine: wapo wanaotafuta ufa kwa kunyunyizia petroli juu ya injini inayozunguka. Usifanye hivyo kamwe; badala ya ufa utapata moto. Aidha, magari ya siku hizi hayana kabureta, yana kompyuta ipimayo hewa na petroli, na mara nyingine dalili zake huwa tofauti. Hata hivyo nayo huvuta hewa kwa pistoni zilezile, na maswali ya yule mzee yanayafaa pia.

Jumatatu nilirudi darasani. Palikuwa na mvulana mmoja katika kidato cha pili ambaye katika ripoti yake ya muhula uliopita nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu, neno moja: mvivu. Katika vipindi vya asubuhi alilala. Nilikuwa nimemsimamisha, nimemhamisha kiti, nimemnyima michezo, na kumwita mzazi wake. Yaani nilikuwa nimembadilishia plagi, chujio na pampu. Siku hiyo nilimwita kando, na kwa mara ya kwanza nikamwuliza, "Usingizi huu hukujia lini?" Akafikiri, kama nilivyofikiri mimi chini ya mwembe. Akasema humjia mpaka saa za chakula cha mchana, kisha huondoka. Nikauliza jana usiku alikula nini, na asubuhi alikula nini. Alitazama chini, na jibu nikalipata. Alikuwa akivuka bonde zima kwa miguu kuja shuleni, na chakula cha shule ndicho kilichokuwa cha kwanza kwake kutwa nzima.

Sitakudanganya kwamba jambo lake lilikwisha kwa bei ya mpira. Njaa ya nyumba nzima haina koleo la kuibana. Tulipata njia ya kumpa uji asubuhi, naye akaamka. Mengine ya nyumbani kwao bado yako. Lakini neno lile nililifuta katika kumbukumbu zake, nikamwomba radhi, maana lilikuwa si kweli.

Msomaji wangu, wewe bado u kijana, na utakabidhiwa mambo mengi yaliyoharibika: magari, mashamba, mashine, pengine na watu. Utashawishika kubadilisha kitu upesi ili uonekane umefanya kazi. Nakusihi uanze kwa kuuliza: lini? Katika hali gani? Ni nini kinachobadilika nikigusa hapa, na je, hubadilika tena nikigusa mara ya pili? Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kulipia majibu ya swali ambalo hukuuliza. Wala usikubali ugonjwa ufunikwe kwa kelele. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta; nami naongeza kwamba ufa hauzibwi mpaka uonekane, na mwingine hauonekani mpaka ukunjwe.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Nkubu. Niliteremka Nithi katika gia ya pili, injini ikinguruma njia nzima. Nilipofika nyumbani sikumwambia mama kwamba gari limepona. Nilimpa ule mpira wa kale mkononi. Jicho lake lilikuwa bado halioni vema, kwa hiyo aliukunja kwa vidole, akaupapasa taratibu, mpaka kidole kimoja kikasimama juu ya ufa.

"Ni huu?" akauliza.

"Ni huo, mama."

Akauweka mezani, akaenda kunitilia chai.